Hodi ya Tatu

Nianze na kosa, nisije nikalisahau nikifika mwisho:
mimi ndiye niliyebofya Ndiyo.

Zahanati yetu iko Mkomani, nyuma ya ukuta wa matumbawe
unaotoa jasho la chumvi mwaka mzima.
Chumba cha kadi: kompyuta moja, feni isiyogeuza shingo,
paka wawili wasio na faili.
Ndani ya kompyuta niliwalaza watoto mia mbili na kumi na mmoja,
majina, uzani, chanjo ya kwanza, ya pili,
nani alilia, nani alilala akidungwa.
(Hilo la mwisho halikutakiwa. Niliongeza mwenyewe.)

Mlinzi wao alikuwa programu.
Hana rungu, hana tochi, hanywi kahawa tungu,
mshahara wake leseni ya mwaka.
Husimama kizingitini akinusa kila kiingiacho,
barua, picha, flashi ya daktari aliyevuka kutoka Mokowe,
na akishuku, huuliza.
Hilo tu. Huuliza.

Ramadhani ilipoingia alianza kuniita.
Kidirisha cha manjano, chini, kulia:
Leseni inakaribia kwisha.
Nikakifunga kama umfukuzavyo paka mezani, bila kumtazama.
Siku ya pili: Leseni imekwisha.
Nikakifunga.
Ya tatu sikumbuki alisemaje. Nilikuwa na njaa,
na foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi.

Tumefunzwa tangu utotoni, hodi ni tatu.
Usipojibiwa geuka, urudi ulikotoka, wala usikasirike.
Mlinzi wangu alikuwa na adabu za kwetu.
Akanyamaza.
Akabaki alama ya kijivu pembeni, amekunja mikono.

Mwizi hakupiga hodi hata moja.
Alikuja amevaa ankara ya mabomba ya sindano,
jina la muuzaji wetu herufi kwa herufi, ila moja:
penye L palisimama tarakimu ya moja.
Na nani, saa saba mchana, mdomo mkavu,
huikagua L miguuni?
Ungependa kufungua?
Ndiyo.

Hakuna kilichovunjika. Hilo ndilo lililoniuma.
Mwizi wa nyumba huacha komeo limeng'oka, nyayo, harufu;
huyu alifunga.
Alipita chumba hadi chumba akitia milango yetu kufuli zake,
kisha akaacha barua, Kiswahili kimenyooka kama kanzu ya Idi:
Ndugu mpendwa, data yako iko salama.
Lipa ndani ya saa sabini na mbili.
Salama! Neno letu wenyewe,
kalishika kama kisu alichokiokota jikoni kwetu.

Bwana Shekuwe wa kaunti alikuja na mkoba,
akang'oa waya wa mtandao kama mkunga akatavyo kitovu,
akauliza: Nakala mliweka wapi?
Nikawatazama paka.

Hatukulipa. Si ushujaa; pesa hatukuwa nazo.
Tukaliachia neno lipite vichochoroni
na kina mama wakaja na kadi:
iliyohifadhiwa ndani ya msahafu,
yenye duara la kikombe cha chai,
iliyotafunwa pembe na mwenye kadi.
Mwanahalima Bwanaidi aliitoa kifuani, ingali na joto lake.
"Hii hailali nje," akasema.
"Nyinyi mlikuwa mkimlaza mwanangu mlango wazi?"
Sikuwa na jibu. Nikaandika: kilo tatu na robo.
Chanjo ya kwanza. Alilala akidungwa.
"Alilia," akanisahihisha. "Alilia mpaka Magharibi."

Mia moja na tisini na wanane wamerudi.
Kumi na watatu wangali mle,
nyuma ya kufuli la mtu nisiyemjua,
wanakua.

Leseni mpya ililipwa baada ya Idi.
Flashi ya nakala hulala kwangu, ndani ya kijaluba cha wanja.
Mlinzi akiuliza, nasoma swali mpaka nukta yake,
foleni inung'unike itakavyo.

Jana kidirisha cha manjano kilichomoza tena, kwa jambo dogo tu,
nami nikajikuta nimeitika kwa sauti, chumbani peke yangu:
Nani?

Paka mmoja akageuka.